Tairi la Nyuma Kushoto

Mwezi uliopita nilikwenda Thika kununua matairi ya gari langu la kwanza, na muuzaji akalipiga tairi moja kofi kama mtu anayesifu ng'ombe mnadani.

"Hii ni kama mpya, madam. Angalia hizo mistari. Hii unaenda nayo Mombasa na unarudi."

Niliinama kuitazama mistari. Ilikuwa imenyooka. Halafu harufu ikanifikia, ile ya mpira uliochomwa kisha ukafunikwa na kitu kitamu, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimefika kwenye mtaro wa kando ya barabara, nimeshika magoti, natapika chai ya asubuhi mbele ya watu.

"Pole, madam," muuzaji akasema. Kisha akamnong'oneza mwenzake, lakini si kwa sauti ya chini ya kutosha, "Huyu ako na mimba, wacha nikwambie."

Sikuwa na mimba. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimechuchumaa mbele ya jiko la makaa, na mikono yangu ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko.

Wengi wa rika langu mna kumbukumbu tamu za tairi. Mliliviringisha kwa kijiti mkitumwa dukani, mkalining'iniza mtini mkabembea. Mimi nililichora. Tairi likishatumika hadi likawa kipara, kuna watu hulichonga mistari mipya kwa kisu cha moto, wakalipaka weusi, wakaliuza kama lililotumika kidogo tu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na kibanda cha pancha Ruiru, kwenye njia ya kwenda Mugutha, na pancha ndiyo kazi iliyoonekana kutoka barabarani. Ile nyingine ilifanyika nyuma ya mabati. Aya hii nimeiandika mara saba, na mara sita niliandika kwamba baba alinilazimisha. Si kweli. Niliomba.

Mama alifanya kazi kiwandani Thika hata siku za Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi zangu nilizipitisha pale kibandani. Kulikuwa na karai la maji ya kutafutia matundu kwenye mipira, maji ya kijani yaliyokaa hadi yakawa na utelezi, na viluwiluwi vya mbu vikipinda na kunyooka ndani yake. Kulikuwa na kisu, kipande cha msumeno wa chuma kilichokunjwa kama kucha, kimefungwa kwenye mpini wa mti. Baba alikiweka kwenye makaa hadi kikawa chekundu, kisha akakitemea mate. Mate yakilia na kukauka mara moja, kisu kimeiva. Mpira ulipokatwa ulitoa utepe mweusi uliojiviringisha, na moshi wake uliganda kooni kama mafuta ya mbuzi yaliyopoa.

Na kulikuwa na mkebe wa dawa. Masizi, mafuta machafu ya injini, na sukari ili ing'ae. Baba aliikoroga kwa kidole, akakipangusa kwenye suruali, kisha kwa kidole hicho hicho akanimegea chapati. Nzi walifuata sukari wakanasa humo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatoa kwa kijiti, mmoja mmoja, kabla mteja hajamwona nzi amekaukia kwenye tairi "jipya". Niliwapanga kwenye jiwe. Nilipenda vitu vilivyopangwa.

Hakuna aliyeniambia mistari ya tairi ni ya nini. Nilijieleza mwenyewe. Kila Jumapili alasiri dada ya mama yangu alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka matuta, mistari myembamba kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, na akanigeuza kichwa kwenye mwanga kuona kama kuna uliopinda. Basi niliamini kwamba tairi nalo husukwa. Kwamba lile kipara linaona aibu, na baba analirudishia heshima yake. Ilikuwa fikra ya mtoto, na ningeweza kuicheka, kama si yaliyofuata.

Tata, ndivyo nilivyomwita huyo dada ya mama, hakuniita kwa jina. Aliniita Mami, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwetu anayebeba jina hubeba na mtu, na Tata alikuwa akiniuliza mambo kwa uzito, kama mtu anayemuuliza mama yake. Hakuwa na mtoto. Aliishi Murera, akafuga kuku, na alikuwa na gari dogo jeupe alilosambazia mayai. Siku hizo mwanamke wa mtaa wetu mwenye gari lake mwenyewe alitazamwa hadi akapotea kwenye kona.

Shuleni nilikuwa najulikana kwa kupiga mstari wa pembeni ya daftari bila rula. Siku moja nilimwonyesha baba. Alicheka, akanipa kisu na tairi lililokufa kabisa la kujaribia. Nilipomaliza mstari wa kwanza aliliinua tairi juu, akafumba jicho moja.

"Haiya! Huyu mtoto ako na mkono," akasema. "Mimi nimechora miaka yote na sijawahi toa line kama hii."

Sijui kama kuna kitu nimewahi kukitaka tena kama nilivyotaka sentensi hiyo irudiwe. Nilianza kuota mistari. Baba aliniambia jambo moja tu: kazi ya nyuma haisemwi mbele. "Jicho la mteja likishiba," alisema, "mdomo wake hauulizi." Nikadhani ni adabu ya mafundi, kutojisifu.

Likizo ya Aprili ilifika, na mawingu yakaanza kukaa chini. Baba alinipa matairi mawili ya kumaliza. La kwanza lilitoka vizuri. Kwenye la pili, mstari wa nne ulitikisika, upana wa kucha tu, mahali karibu na ukingo. Mtu mwingine angeuacha. Mimi niliurudia. Ukatikisika upande wa pili. Nikaurudia tena nikiwa nimeuma ulimi, na kisu kikazama.

Ndani kulikuwa na nyuzi. Nyeupe, zimebanana, zimelowa, kama mafuta chini ya ngozi ya kuku unapoichana. Sikujua kwamba nyuzi zile ndizo mifupa ya tairi, na kwamba zikionekana tairi hilo ni maiti. Nilijua kitu kimoja: nimeharibu, na ni pabaya kutazama. Nilitumbukiza kitambaa kwenye mkebe nikapapaka. Weupe ukaonekana bado. Nikapaka tena. Mara ya tatu pakawa peusi kama kwingine kote. Baba alikuja, akapitisha kidole gumba, hakikufika pale.

"Safi," akasema.

Tata alikuja Jumanne iliyofuata. Nakumbuka alisimama na funguo kwenye kidole akizizungusha.

"Shemeji, mvua ndiyo hiyo. Nataka mbili za nyuma. Na sitaki mambo ya kuteleza, mimi nabeba mayai, sibebi mawe."

"Sasa wewe nikuuzie takataka?" baba akasema. "Nikishakuuzia takataka, nitalala wapi? Dada yako atanifungulia mlango?"

Tata alicheka. Aliingiza ukucha kwenye mistari yangu, akapima kina chake. "Ni ndefu kweli." Kisha akanigeukia. "Mami, na wewe unasemaje? Kwa hii boma yote, wewe ndiye mtu wa ukweli."

Nilimtazama baba. Alikuwa anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Ni safi, Tata," nikasema.

Na nataka mjue nilivyohisi, kwa sababu hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Nilihisi fahari. Kwa mistari, na kwa kuweza kunyamaza kama fundi mkubwa. Baba alifunga lile lenye nyuzi nyuma kushoto.

Nilikwenda Murera kukaa na Tata siku za likizo, na asubuhi nilipanda naye kupeleka mayai. Hakuwa dereva wa kasi. Aliyoyajua barabarani alijifunza kwa kutazama, na aliyarudia kwa sauti kama mtu anayesali. Mvua ikianza, ondoa mguu kwenye pedali ya mafuta kabla hujaambiwa. Mvua ya dakika za kwanza ndiyo mbaya, inaamsha mafuta yaliyolala kwenye lami. Fuata njia ya magurudumu ya aliye mbele, yeye ameshakusukumia maji. "Na ukiteleza, usikanyage breki kama unaua siafu. Shika usukani, tulia, acha gari likumbuke njia." Nafasi ya kumwachia aliye mbele alinifundisha kuihesabu. Gari la mbele likipita nguzo, unaanza: moja Murera, mbili Murera. Kukiwa kukavu, mbili zinatosha. Kukiwa na maji, usiifikie nguzo ile kabla ya nne Murera. Ilikuwa kazi yangu kuhesabu. Nilihesabu vizuri, sikuwahi kuruka.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri ikapumzika kidogo. Nilitoka uani na trei za mayai, na nikaliona tairi. Maji yalikuwa yameosha dawa. Pale karibu na ukingo weupe ulikuwa umerudi, mrefu kuliko nilivyouacha, nyuzi mbili tatu zimechomoza nje kama mabaki ya nyama kwenye meno.

Tata alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Nilimsikia akiimba.

Niliinama, nikachota matope, nikayapaka pale.

Nimesoma mahali kwamba mtoto wa miaka tisa haelewi madhara ya mambo. Labda. Lakini aliyechota yale matope alitazama kwanza nyuma yake.

Tulipita mjini Thika tukashika mteremko wa kwenda Chania, ambako Tata alikuwa na mteja. Mvua ilikuwa imerudi. Mbele yetu kulikuwa na lori la mawe, na Tata alikuwa ameliachia nafasi hadi madereva wa nyuma wakapiga honi.

"Wacha wapige," akasema. "Honi haivunji yai. Hesabu, Mami."

"Moja Murera. Mbili Murera. Tatu Mure..."

Mlio ulikuwa kama wa mtungi wa plastiki uliokanyagwa. Mkia wa gari ukashuka, ukavutwa kushoto. Tata hakukanyaga breki. Niliona mguu wake, ulikuwa juu, na mikono yake imeshika usukani kama alivyonifundisha. Lakini tairi la upande wa pili nalo lilikuwa kazi yetu, mpira wa zamani mgumu kama kwato, nalo likateleza juu ya maji kama sabuni kwenye sinia. Tulizunguka taratibu. Niliona tulikotoka, kisha majani, kisha mtaro.

Mayai yalikuja yote mbele. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyobaki mwilini mwangu. Yalipasuka kisogoni, kwenye kioo, shingoni ndani ya nguo, vuguvugu. Ute ulinijaa puani. Nilifungua mdomo nilie, kiini kikaingia kizima, na kwa hofu nikakimeza. Hadi leo siwezi kukaa meza moja na mtu anayekula yai.

"Mami, uko mzima?" Tata aliuliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebanwa kati ya usukani na mlango, na kifundo chake kilitazama upande usiofaa. "Mami, niambie uko mzima."

Watu walikuja. Wengine walitutoa. Mmoja alikuwa akiokota mayai mazima akiyatia kwenye mfuko wa koti huku akisema, "Pole, mama, pole sana." Mwingine, mwenye mwavuli, aliwaeleza wenzake kama mtu aliyeona: "Alikuwa anakimbia. Wanawake na mvua, mimi husema kila siku."

"Sikukimbia," Tata akasema. Hakuna aliyemsikia isipokuwa mimi.

Baba alifika kwa pikipiki yake. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya mtaro nimefunikwa kwa gunia, Tata amelazwa kwenye kiti cha gari la msamaria. Baba alitupita sote wawili. Alikwenda moja kwa moja nyuma kushoto, akainama, akatazama. Akatoa spana. Alilifungua lile tairi lililopasuka huku watu wakimsifu, angalia shemeji alivyo na moyo, anaokoa anachoweza. Jioni alilichoma nyuma ya kibanda.

Hospitalini alimshika Tata bega lake zima. "Barabara ilikuwa mbaya, shemeji. Na wewe, tukisema ukweli, ulikuwa na haraka."

"Labda nilikuwa na haraka," Tata akasema. Alinitazama mimi, mtu wa ukweli. Mimi nilitazama kucha zangu. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada kulikuwa bado na matope.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo familia yetu imeishi nayo. Tata alikimbia kwenye mvua. Aliuza mabaki ya gari. Kifundo kiliungwa vibaya, na mayai yake yakaanza kwenda mjini kwa pikipiki za watu wengine. Alijaribu kunisuka tena mara moja. Matuta yalitoka yamepinda kama njia za mbuzi, na mimi, Mungu anisamehe, nilijifungia chooni nikayafumua.

Na kuna hili, ambalo nimelifuta na kulirudisha. Jumamosi iliyofuata jiko liliwashwa tena, na mimi nilikuwa pale. Nilichora mengine. Niliendelea kuchora hadi mvua za mwisho wa mwaka, nikiwa mwangalifu zaidi, nisizame. Sijui matairi hayo yalikwenda wapi. Sijui yalibeba akina nani.

Nilikuja kuelewa peke yangu, nikiwa msichana mkubwa, kwenye kitabu chakavu cha mafunzo ya udereva nilichookota sokoni. Kulikuwa na mchoro wa tairi lililokatwa, na mishale. Mistari ni mitaro. Maji ya barabarani lazima yapewe pa kwenda, kama mvua inavyochimbiwa mitaro kwenye mashamba ya mananasi, la sivyo huliinua tairi likaelea, na gari halina tena dereva. Nilikaa na mchoro ule hadi supu ikaungua. Ndipo nikaikumbuka pikipiki ya baba. Matairi yake yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira ambavyo huwa kwenye tairi jipya tu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikivichuna kwa kucheza. Yeye alijua. Muda wote alijua, na alijinunulia mapya.

Siku hizi baba ni mzee wa kanisa. Kabla ya kula hutushika mikono tuombe, na kidole chake kikigusa kiganja changu nahisi ile dawa, masizi na sukari. Namchukia kwa dakika ile nzima ya sala. Kisha nasema amina, nanawa, na mikono inayobaki kwenye beseni ni yangu.

Siku ile ya kutapika nilinunua matairi manne mapya mahali pengine, na la akiba, nikayasugua mbele ya muuzaji hadi akakereka. Halafu nikaendesha hadi Murera.

Tata alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye ungo kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, dawa, nyuzi, matope. Kuku mmoja alikula maharagwe pembeni mwa ungo na hakumfukuza.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na ile asubuhi ya matope, ulijua?"

"Nilijua ni kitu kibaya. Sikujua kitafanya nini."

Aliweka ungo chini. "Mimi nimeomba Mungu msamaha kila Jumapili," akasema. "Kwa kukimbia. Nimemwambia Mungu nilikimbia, na Mungu ananiangalia tu, anajua sikukimbia."

Nilianza kulia.

"Usinililie hapa. Hayo machozi nitayafanyia nini?"

Alinyanyuka akanipita. Alivua kitambaa chake cha kichwani, akainama kwenye gari langu, mbele kulia, akasugua tairi kwa nguvu, akakigeuza kitambaa kwenye mwanga kuona kama kimeshika weusi. Aliingiza ukucha kwenye mistari. Alinusa.

"Ni mapya, Tata. Nimeya..."

"Nyamaza. Naangalia mwenyewe."

Alizunguka yote. Kwenye lile la nyuma kushoto alipiga magoti. Alipitisha vidole kwenye ukingo wote, akaniamuru nisogeze gari kidogo, akamalizia sehemu iliyokuwa chini. Alichuna kinyweleo kimoja cha mpira, akakitazama, akakitupa. Kisha akafungua nyuma akakagua la akiba. Manyunyu yalikuwa yameanza, nywele zake za mvi zilikuwa wazi, na sikuthubutu kumwambia aingie ndani.

Alininyooshea mkono wa kulia, ule uliopinda. "Funguo."

"Tata, na leseni?"

"Naifanya upya kila ikiisha. Ulidhani naiweka ya kufungia nyama?"

Niliketi upande wa abiria. Aliendesha hadi barabara kuu, na sikuweza kusoma chochote usoni mwake. Mvua ikakolea. Mbele yetu kulikuwa na lori, na taa zake nyekundu zilikuwa zimetawanyika kwenye kioo. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha lisogee.

"Hesabu," akasema.

Lori likapita nguzo, nami sijaanza.

"Mami. Hesabu."

"Moja Murera," nikasema lori lilipopita nguzo iliyofuata. "Mbili Murera." Mikono yangu ilikuwa imeshika kiti. "Tatu Murera."

Yeye mwenyewe akamalizia nne.